Nyum na Ba

Watu wakisikia wivu hufikiria mume na mke. Wangu ulikuwa wa mdogo wangu wa kike, na niliyemwonea alikuwa mzungu wa watu, binti wa miaka ishirini na kitu, aliyekuja Temeke kufundisha walimu. Nalisema mapema hili, nisije nikaanza kujipamba huko mbele.

Mie nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka kumi na mmoja mfululizo, darasa hilo hilo, shule hiyo hiyo ya upande wa Mtoni. Mtoto ananijia anatafuna penseli kama muwa, mwaka ukiisha anamsomea bibi yake barua. Walimu wenzangu walilikimbia darasa la kwanza kwa sababu ya makamasi na vilio, wakatamani la saba wapate kusifiwa na mkaguzi. Mie nililipenda. Kazi ile niliijua, na hapo sijisifu, waulizeni waliopita mikononi mwangu.

Wa kwanza kupita mikononi mwangu alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mama alipotutoka huko kwetu Kilwa nilimchukua mtoto akiwa na miaka sita, nikaja naye Temeke kwa mume wangu. Nilimfundisha kusoma jikoni kabla hajaandikishwa shule. Nikipepeta, natandaza unga kidogo kwenye sinia, nachora kwa kidole: ma, me, mi, mo, mu. Anachora yeye. Akikosea napitisha kiganja, tunaanza upya. Alipoingia darasa la kwanza, darasa langu, nilimkataza kuniita dada mbele ya wenzake, akaniita mwalimu, na tukifika nyumbani akaendelea kuniita mwalimu kwa kusahau. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilikuwa nalipenda hilo jina likitoka kinywani mwake.

Alimaliza la saba hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari miaka ile zilikuwa chache mno, na hakuna aliyemlaumu mtoto kwa kuzikosa. Lakini mjini asiye na kazi hakuwa na raha. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na daftari lake, akipita anauliza huyu ni nani, anafanya nini hapa. Wasio na shughuli walikuwa wakirudishwa shamba wakalime. Na baba kule Kilwa alishatuma salamu mara mbili, kwamba msichana arudi, mikorosho haijipalilii.

Ndipo ikaja ile habari ya kila mtoto lazima asome. Watoto wakajaa shuleni, wengine wakakaa sakafuni, wengine wakasomea chini ya mti kwa zamu, na walimu hawakutosha. Serikali ikaamua vijana waliomaliza la saba wafunzwe ualimu huko huko kwenye kata zao: asubuhi wanafundisha, mchana wanafundishwa, jioni wanasikiliza vipindi vya redio wakiandika kwenye daftari. Mdogo wangu akapata. Balozi akaandika kwenye daftari lake, mwanafunzi wa ualimu, akafunga mjadala. Mwisho wa mafunzo mkaguzi angekuja kumwangalia kila mmoja akifundisha. Akifaulu, anapewa cheti na shule, na anabaki kwangu. Akishindwa, hakuna mara ya pili, atarudi kwa baba. Sie nyumbani tulilijua hilo kama tunavyojua njia ya kisimani.

Mie nilidhani mafunzo yale yatakuwa yangu. Kituo kilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha shule yetu, wanafunzi wanafanyia mazoezi darasani kwangu, nani mwingine wa kuwaonyesha? Nikashona hata gauni. Siku ya kufungua, mwalimu mkuu akatutambulisha kwa mkufunzi wa kujitolea kutoka ng'ambo, na mie nikatajwa mwisho kabisa, kwamba nitasaidia kutunza chaki.

Chaki! Nilirudi nyumbani siku ile nikasonya njia nzima.

Na hilo neno kujitolea nalo lilinikaa kooni. Mie kila jioni nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, wabeba mizigo na mama ntilie, wengine wananisinzilia mbele yangu, bila malipo wala asante, na hakuna aliyewahi kuniita wa kujitolea. Nilikuwa naitwa tu, wewe mwalimu njoo. Huyu bado begi hajalifungua, kashajitolea.

Ningependa kusema alikuwa na maringo. Hakuwa nayo, na hilo ndilo lililonimaliza. Alipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko la Tandika, akawa anateka maji bombani na ndoo yake kichwani, yanamwagika nusu. Mtaa mzima ulikuwa ukitoka kumtazama. Jamani, mzungu anateka maji! Jamani, kafua mwenyewe! Jamani, kala dagaa! Mie nilikuwa nimeteka maji miaka thelathini na dagaa nimekula hadi nimewachoka, hakuna aliyetoka mlangoni kunitazama. Waswahili wanasema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Na alikuwa na adabu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo, kapiga goti kidogo, na ninaitikia marahaba huku meno nimeyabana. Ungekuwa na la kumkamatia, ungemsema ukapumua. Sikuwa nalo.

Mdogo wangu ndiye aliyenivunja. Alianza na mambo madogo. Mkufunzi kasema mtoto asichapwe akikosea. Mkufunzi kasema darasa likae duara. Mkufunzi kasema tusiwaimbishe, kuimba ni kukariri, mtoto aone neno zima kwanza ndipo alivunje vipande. Kila tonge ninalomeza, mkufunzi kasema. Nikimwambia mie nimeimbisha miaka kumi na mmoja na wamesoma, ananitazama kwa upole, kama unavyomtazama bibi anayekwambia redio ina mtu ndani. Hata jina la mwalimu aliliacha. Nikawa dada tu, dada chumvi iko wapi, dada nachelewa, na mwenye heshima zake akawa Mkufunzi.

Usiku nilimwambia mume wangu, huyu mtoto wananiibia. Akaniuliza wanamwibaje na kalala chumba cha pili. Wanaume bwana.

Sasa nifike kwenye vipande vyenyewe.

Mkufunzi alikuwa na kalamu nene za rangi alizokuja nazo kwao, nyekundu, kijani na buluu. Alikusanya maboksi ya sabuni kwenye duka la ushirika, akayakata vipande, akaandika maneno, kisha akalikata kila neno katika silabi zake ili watoto wayaunge. Kazi safi. Mwandiko umenyooka, kingo zimenyooka. Wiki tatu hivi kabla ya mkaguzi kufika, wakati wa mapumziko, alinifuata nilipokaa barazani na bakuli langu la uji, akaniwekea boksi mapajani. Akasema Kiswahili si lugha yake, na mie ndiye ninayelijua darasa la kwanza kuliko mtu yeyote pale, basi nivipitie kabla hajawapa wanafunzi wake.

Ndiyo. Aliniomba mie. Kwa maneno hayo hayo, kuliko mtu yeyote pale. Nimeyafikiria sana maneno yale baadaye. Siku ile hayakuniingia, kwa sababu nilikuwa nimeshachungulia ndani ya boksi.

Kipande cha kwanza kilisema nyum. Cha pili kilisema ba.

Nikatoa vingine. Pem, be. Tun, du. Ken, ge, le. Kila neno lenye mb, nd au ng alilikata katikati, kama wanavyokata maneno ya kwao. Lakini Kiswahili hakikatwi hivyo. Silabi zetu huishia kwenye irabu, mtoto wa miaka saba anaijua hiyo kwa ulimi wake: nyu, mba. Pe, mbe. Ukimpa nyum hajui aifanye nini, mdomo wake hauna mahali pa kuiweka. Kosa lile lilikuwa kubwa, na kulitengeneza kulihitaji mkasi na jioni moja.

Mungu si Athumani, nilijisemea. Nikamwona mkaguzi kasimama mbele ya ubao, mkufunzi kasimama pembeni uso umemwiva wekundu, mwalimu mkuu anageuka kunitafuta mie. Nikamrudishia boksi lake.

"Viko sawa," nikamwambia. "Safi kabisa."

Akanishukuru kwa mikono miwili. Uji wangu nilioubakisha niliumalizia kwa raha zangu zote.

Siku chache baadaye mdogo wangu alikaa sebuleni na vipande vile, anajipangia somo. Nilikuwa napasi kwa pasi ya mkaa. Akavigeuzageuza, akaviunga, akavitenganisha, kisha akaniuliza, dada, hii nyumba mbona imekatwa hivi? Si ni nyu, mba? Alinitazama usoni kama alivyokuwa akinitazama enzi za sinia la unga, anangoja nipitishe kiganja.

Nilikuwa na nafasi pale, wallahi nilikuwa nayo. Neno moja tu. Badala yake nikapuliza mkaa.

"Mwalimu wako ni nani siku hizi?" nikamwambia. "Si mkufunzi? Basi mfuate mkufunzi. Alivyokata ndivyo."

Akauliza tena, una hakika dada? Nikamwambia nina hakika. Akaandika kwenye andalio lake la somo, nyum, ba, kwa mwandiko mzuri niliomfundisha mie.

Msinielewe vibaya, sikutaka ashindwe. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane na masomo yalikuwa mengi, na kila mmoja angepewa somo lake asubuhi ile ile kwa kuchagua karatasi. Niliamini atapata hesabu, maana hesabu zilikuwa nyingi, au siasa, au afya. Nilikuwa nangoja mkufunzi mwenyewe aulizwe juu ya zana zake, aaibike kidogo, basi. Aibu ndogo tu, ya kumshusha ngazi moja nipate kupumua. Wivu unakufanya uwe na hesabu zako, na zote unaona zinatoka.

Mkaguzi alifika na gari ya idara, mtu mfupi wa makamo, mkimya, shati la mikono mifupi lenye mifuko minne kama walivyovaa wakubwa wakati ule. Karatasi zikakunjwa, zikatiwa kwenye kofia. Mdogo wangu akachukua ya kwake, akaifungua. Kusoma, darasa la kwanza.

Wakati wa kuingia darasani ulibaki kama wa kupika chai. Niliinuka pale barazani nimfuate, nimvute pembeni nimwambie achana na vipande, andika ubaoni, kata nyu, mba, kama nilivyokufundisha. Niliinuka kweli. Nikawakuta kwenye mlango wa darasa, yeye na mkufunzi. Mkufunzi alikuwa anamweka sawa kola ya gauni, gauni nililomshonea mie, anamnong'oneza kitu, na mdogo wangu kamshika mkono anacheka kwa woga, macho yanamng'aa. Mie hakuniona. Nilikuwa hatua tano kutoka pale na hakuniona.

Nikarudi barazani nikakaa.

Sasa mnajua mie ni mtu wa namna gani.

Darasa lilikuwa langu, watoto wangu, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa nyuma kabisa. Mkaguzi kwenye kiti dirishani, mkufunzi pembeni yake. Mdogo wangu alianza vizuri. Sauti imetulia, watoto wamekaa duara, picha ya nyumba kaichora mwenyewe ubaoni. Akaonyesha neno zima. Kisha akachukua vipande, akainua cha kwanza, akauliza nani atakisoma.

Watoto wakakitazama. Yule msichana wa mbele, hodari wao, akasimama, akatafuta, akafanya alichoweza kufanya mtoto yeyote wa Kiswahili akipewa kitu kama kile: akakimalizia mwenyewe.

"Nyumu," akasema.

Mdogo wangu akainua cha pili. Ba. Akawaomba wasome vyote pamoja, na watoto arobaini na kitu wakajaza mapafu, wakapiga kwa sauti moja, nyumuba! Wakafurahi, wakapiga tena bila kuambiwa. Nyumuba! Kwenye pembe wakapiga pemube. Kwenye kengele sisemi.

Mdogo wangu aliwatuliza. Akajaribu kuwaeleza kwamba haina u, ni nyum, mdomo unafungwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kupotea. Mara moja alitazama nyuma ya darasa, kwangu. Nilikuwa natazama sakafu.

Mkaguzi alisubiri mpaka watoto walipotoka. Akamwuliza kwa upole, binti, neno nyumba lina silabi gani na gani? Nilimwomba Mungu mdogo wangu ajibu anavyojua. Akajibu nyum na ba. Mkaguzi akaandika. Kisha akanigeukia mie, mwalimu wa darasa, akauliza kama vipande vile niliviona kabla.

Mkufunzi alikuwa ameshaanza kunyanyuka, uso mwekundu kama nilivyoutaka, lakini hakusema nimevipitia. Alinitazama tu, anangoja niseme mwenyewe. Aliniachia nafasi. Mtu mwingine angenitaja.

Nikasema sikuviona.

Mkufunzi akakaa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kwamba vipande kakata yeye, na kosa ni lake peke yake, mwanafunzi asiadhibiwe. Mkaguzi akamshukuru. Akasema mkufunzi ni mgeni na lugha si yake, hawezi kumlaumu, ila mwalimu wa Kitanzania anayetaka kuwafundisha watoto wa Kitanzania kusoma na hajui Kiswahili kinakatwa wapi, huyo hawezi kumpa darasa. Alisema hivyo bila hasira, akafunga kalamu yake. Mdogo wangu hakulia. Alivikusanya vipande kimoja kimoja, akavirudisha kwenye boksi.

Mkufunzi alikwenda hadi wilayani kumwombea, mara mbili, kwa baiskeli. Hawakubadilisha. Mie sikwenda. Ningekwenda ningesema nini, na nilikwisha sema sikuviona?

Balozi alipita wiki ile ile na daftari lake, kwa heshima, maana tulikuwa tunasikilizana. Akaniuliza kama binti bado ni mwanafunzi wa ualimu. Nikamwambia amemaliza. Akaelewa, akaandika.

Alfajiri ya safari nilimsindikiza mpaka barabara ya Kilwa, panaposimama malori ya kusini. Alikuwa na sanduku la bati na fungu la mikate. Nilikuwa sijalala. Njia nzima nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nikianza nasikia naanza na mkufunzi, kwamba mkufunzi hivi, mkufunzi vile. Mwishoni nikamwambia, mdogo wangu, makosa yalikuwa ya kumwamini sana yule mzungu. Nilisema hivyo. Hata pale nilisema hivyo.

Akaniangalia. Utingo alikuwa ameshalipokea sanduku anaita abiria wapande.

"Mkufunzi sikumfuata, dada," akasema. "Nilijua ni nyu, mba. Nilitaka kuvikata upya usiku ule ule, na mkasi nilikuwa nimeuazima. Ila wewe ulisema ndivyo, na kwenye kusoma wewe hujawahi kunidanganya."

Akapanda. Nilibaki nimeshika ubao wa lori mpaka utingo aliponiambia, mama, achia.